Beringi ya swingi-amu: ni nini, na kwa nini hufa tena na tena

Kazi yangu ni kutibu mifugo kati ya Ahero na Muhoroni, huku Kisumu, Kenya, na pikipiki yangu ni ya zile ndefu za porini, zenye tairi za meno. Kuna mwaka nilibadilisha beringi za swingi-amu mara tatu. Kila mara nilinunua seti mpya, fundi akaigonga mahali pake, nikaenda zangu. Haikupita miezi minne kabla mkia haujaanza tena kuyumba nikikata kona. Mara ya nne nilimpelekea fundi mmoja wa makamo pale Ahero. Hakushika spana. Aliniuliza, "Daktari, ng'ombe akiharisha kila wiki, wewe unampa dawa ileile tu?"

"La, Mzee. Naenda kuangalia maji anayokunywa."

"Basi na hapa tuangalie maji."

Swingi-amu ni ule mkono wa chuma au alumini unaoshika gurudumu la nyuma. Mwisho wake mmoja umebeba ekseli. Mwingine umefungwa kwenye fremu, nyuma kidogo ya injini, kwa bolti moja ndefu inayopita kutoka ubavu hadi ubavu. Gurudumu likipanda tuta, mkono hupanda nalo, kama mlango unavyofunguka kwenye bawaba. Beringi ya swingi-amu hukaa ndani ya bawaba hiyo ili chuma kisisagane na chuma.

Pikipiki nyingi za boda boda hazina beringi pale. Zina bushi, ya mpira au ya plastiki. Bushi ya mpira haizunguki, mpira wenyewe ndio unaojinyonga na kurudi. Usiipake grisi, kwa kuwa grisi hula mpira, na bolti yake ikazwe pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira utakaa umejipinda siku zote na kupasuka mapema. Pikipiki ya porini, ambayo gurudumu lake hupanda na kushuka sana, huwekewa beringi za sindano: gamba jembamba la chuma, na ndani yake vijiti vilivyopangwa bega kwa bega, vyembamba kama njiti za kiberiti. Vijiti hulala juu ya bomba dogo la chuma kigumu, na ile bolti ndefu hupita ndani ya bomba. Kijiti hugusa kwa urefu wake wote, si kwa nukta moja kama gololi, ndiyo maana beringi ndogo hivi huweza kubeba pikipiki, mtu na mzigo.

Sasa tazama inavyofanya kazi. Ukienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara 500 kwa dakika, na beringi za rimu, kwa kuzunguka hivyo, hujipaka grisi zenyewe. Ile ya swingi-amu haimalizi duara hata moja maisha yake yote. Shimo kubwa kabisa huisogeza nyuzi 30 hivi, sehemu moja ya kumi na mbili ya duara. Kwenye barabara ya changarawe ya kawaida hutikisika nyuzi mbili tatu tu, huko na huku. Kijiti kilekile hupiga mahali palepale. Grisi husukumwa pembeni, na hakuna kitu cha kuirudisha. Chuma kinabaki kikavu juu ya chuma, kinatoa unga mwekundu wa kutu, na unga huo unakuwa msasa.

Kwa hiyo beringi hii hufa kwa kukaa mahali pamoja bila mafuta, si kwa kukimbia sana. Mimi sikuwa nimelielewa jambo hilo, na ndilo lililonigharimu seti tatu.

Maji huongeza kasi. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, hunata kwenye maungio yote ya nyuma. Kila jioni nilikuwa naosha kwa mashine ya presha, na mdomo wa bomba nikiuelekeza palepale kwenye bawaba kwa sababu ndipo tope lilipojaa. Sili za pale zimetengenezwa kuzuia vumbi na maji ya kurushwa na tairi. Maji ya presha hupenya, yanaosha grisi, kisha yanabaki ndani usiku kucha. Siku hizi natumia ndoo na brashi sehemu hiyo, na ninasisitiza kwa kila anayeniuliza: ukiacha presha peke yake, umeshaongeza maisha ya beringi.

Turudi kwa Mzee. Alijaribu kuvuta bolti, ikagoma. Aliimiminia mafuta mepesi, tukanywa chai, akairudia. Bomba la ndani lilipotoka alilifuta kwa mafuta ya taa, akanikabidhi. "Pitisha ukucha," akasema. Ukucha ulikwama, ukaruka, ukakwama tena. Kulikuwa na mistari sambamba, kila mmoja alama ya kijiti kimoja, yote upande mmoja wa bomba. Upande wa pili uling'aa kama kioo. Mara zote tatu nilikuwa nimewekewa beringi mpya juu ya bomba lilelile bovu, na vijiti vipya viliingia kwenye mitaro ya vijiti vilivyokufa. Bomba na beringi hubadilishwa pamoja. Anayekuuzia beringi peke yake anakuuzia nusu ya kazi.

Bolti nayo haikugoma bure. Wengi huilegeza wakiogopa mkono utakuwa mgumu. Ukweli ni kwamba bolti ikikazwa hubana bomba, bomba likatulia, na mkono ukazunguka juu ya vijiti. Ikilegea, bomba huzunguka juu ya bolti, huila, kisha kutu huviunganisha viwili hivyo. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Mkono ukiwa mgumu baada ya hapo, kuna wosha iliyokosekana au beringi iliyokaa vibaya. Tafuta kosa hilo, usilegeze nati.

Kuhusu nyundo nitasema kwa ufupi: gamba la beringi ya sindano ni jembamba, na pigo moja la upande hulipinda. Pima kina cha beringi ya zamani kabla ya kuitoa. Mpya ivutwe taratibu kwa bolti ndefu, nati na wosha nene, ule upande wenye maandishi ukielekea kifaa kinachosukuma. Tundu la mkono likiwa limepanuka hadi beringi inaingia kwa kidole, hakuna seti itakayodumu humo.

Kisha cheni, ambayo watu hawaihusishi kabisa. Mkono ukipanda, umbali kati ya sproketi ya mbele, ile gia ya meno inayovuta cheni, na ekseli hurefuka, hadi sproketi, bawaba na ekseli vinapokaa mstari mmoja. Cheni iliyokazwa vizuri gurudumu likiwa linaning'inia hewani itakuwa kama kamba ya gitaa ukipakia gunia la mahindi, na kila shimo litaivuta bawaba mbele. Pikipiki nyingi za porini hutaka cheni icheze milimita 35 hadi 50. Nilimketisha kijana wangu na mzigo hadi vitu vile vitatu vikalingana, nikaigusa cheni yangu. Haikucheza hata kidogo.

Ili kujua kama beringi imeanza kwenda, inua gurudumu la nyuma, shika mkono karibu na ekseli uusukume kushoto na kulia, mwenzako akiwa ameweka kidole kwenye maungio ya fremu. Kidole husikia mtikisiko ambao jicho halioni. Ukiyumbisha gurudumu na mkono ukatulia, tatizo liko kwenye rimu.

Seti aliyofunga Mzee imemaliza misimu minne ya mvua. Februari na Septemba, kabla mvua hazijaanza, navuta bolti, nafuta vijiti, napaka grisi isiyooshwa na maji hadi ijae kati yao, na nyingine kwenye midomo ya sili. Ni kazi ya saa mbili, na sehemu kubwa yake ni kutoa gurudumu na kulirudisha.