Kwa Nini Nan Haondoki? Ninavyowajibu Wasomaji wa The Nanny Diaries

Kila nikisoma na watu The Nanny Diaries, riwaya ya yaya aitwaye Nan, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, na mara nyingi huulizwa kwa hasira: huyu msichana mbona haondoki? Anatukanwa kimyakimya, anaongezewa kazi bila kuongezewa pesa, anatumwa kama hana shughuli zake. Si afunge mizigo aende zake?

Nafundisha fasihi, na ninachokipenda zaidi ni tashtiti, maandishi yanayokuchekesha huku yanakuchoma. Swali hilo naliheshimu sana kwa sababu linagusa mshipa wenyewe wa kitabu. Ila naona wengi wanaouliza hulichukulia kama kasoro ya riwaya, wakati mimi naona hapo ndipo riwaya iliposema kweli kuliko pengine popote.

Kwa ambaye hajaisoma: iliandikwa na Emma McLaughlin na Nicola Kraus, ikatoka mwaka 2002. Wote wawili waliwahi kuwa mayaya Manhattan, na ukijumlisha familia walizozifanyia kazi zinapita 30. Msimulizi wao ni Nan, mwanafunzi wa chuo kikuu jijini New York, anayepata kazi ya kumtunza Grayer, mtoto wa miaka minne, kwenye fleti ya kitajiri ya Park Avenue. Baba haonekani nyumbani. Mama, Bi. X, hana ajira yoyote, lakini muda wa kukaa na mtoto hana.

Wasomaji wengi hucheka vizuri tu mpaka Krismasi. Pale wafanyakazi wengine wa nyumba wanapewa mikoba na hundi, na Nan, aliyemlea mtoto miezi yote hiyo, anapewa vifuniko vya masikio vya kuzuia baridi. Nimeona watu wakifika ukurasa huo wanakiweka kitabu mapajani na kunyamaza. Waliowahi kulipwa kwa asante wanaielewa zawadi ile bila kufafanuliwa.

Kuna lalamiko ambalo silikubali. Wapo wanaosema Bi. X ametiwa chuku mno, hana hata chembe ya utu, kwa hiyo waandishi wameshindwa kumjenga. Nadhani lawama hii tumeibeba kutoka darasani. Tulikaririshwa mhusika bapa, wa sifa moja asiyebadilika, na mhusika duara, mwenye sura nyingi kama mtu halisi, na hatimaye tukaamini kwamba duara ni fundi na bapa ni uzembe. Katika tashtiti mambo hayako hivyo. Mhusika bapa ni kisu, na kisu hakinolewi kiwe cha mviringo. Hata jina hakupewa. Ni X tu, yeye na mumewe, kwa sababu waandishi hawamshitaki mwanamke mmoja wa mtaa fulani, wanaushitaki mtindo mzima wa kuishi. Na ona upande wa pili: yaya naye karibu hana jina. Nan, na mle ndani wanamwita Nanny, yaani Yaya. Sisi tunaowaita wasichana wetu wa kazi "dada" mwaka mzima, mpaka mgeni akiuliza jina lake tunasita, hatuna haja ya kwenda Park Avenue kulielewa hilo.

Grayer, kwa upande wake, ameumbwa kwa mkono mwingine kabisa. Huyu ni duara, na hakuna siku niliyosoma kitabu hiki na watu asitajwe. Anavaa kadi ya biashara ya baba yake, imewekwa ndani ya kikasha cha plastiki na kubanwa kwa pini kwenye nguo. Anatembea nayo, anacheza nayo, na ole wako ujaribu kumvua. Waandishi hawatuelezi kwa hotuba ndefu kwamba mtoto amemkosa baba. Wanatuonyesha tu kipande cha karatasi ngumu chenye jina na namba ya simu, kikining'inia kifuani pa mtoto ambaye hata kusoma bado hajajua. Ningetaka kila anayejifunza kuandika akae na picha hiyo kwa muda.

Sasa turudi kwenye lile swali. Ukitaka kujua kwa nini Nan haondoki, anza na aliyemtangulia. Grayer alikuwa na yaya mwingine, Caitlin, aliyeondolewa ghafla. Siku za mwanzo mtoto anamfanyia Nan visa, anampiga mateke, anamgomea, na msomaji wa haraka husema huyu ni mtoto wa kitajiri aliyedekezwa. Soma tena kwa utulivu. Mtoto yule ana msiba. Mtu aliyemwamsha na kumlaza kila siku ameondoka bila kuaga, na hakuna mkubwa aliyemkalisha akamweleza. Nan analijua hilo, na kuanzia siku anayolijua hawezi tena kuondoka kirahisi, kwa maana kuondoka ni kumfanya mtoto afiwe mara ya pili.

Halafu kazi yenyewe inavyoongezeka. Haiji kwa mkupuo. Ni leo nisaidie kitu hiki, kesho pitia mahali fulani, keshokutwa chelewa kidogo jioni. Kila ombi likisimama peke yake ni dogo kiasi kwamba kulikataa ni kujionyesha mkorofi. Riwaya imeupanga mlolongo huo kwa ustadi mkubwa, na wewe msomaji unashtuka pamoja na Nan kwamba saa chache za wiki zimemeza maisha yake yote.

Katika wasomaji niliosoma nao alikuwemo mama mmoja aliyefanya kazi za ndani Dar es Salaam tangu usichana wake. Wenzake walipokuwa wakimcheka Nan kwa woga, yeye alisema kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kufunga begi lake usiku mara mbili ili aondoke alfajiri, na mara zote mbili alilifungua kwa sababu mtoto aliamka akamwita. Hakuna aliyeuliza tena swali lile siku hiyo.

Lakini naomba pia niwape haki wasomaji wanaokisema kitabu kwa upande mwingine, maana hapo nakubaliana nao. Nan anaweza kuondoka. Ana wazazi wanaompenda mjini humo humo, ana bibi mchangamfu, ana chuo na shahada mbele yake. Ndani ya riwaya hiyo hiyo yumo Sima, yaya kutoka El Salvador, aliyekuwa mhandisi kwao. Yeye hana mlango wa nyuma. Anapewa kurasa chache, anatugusa, kisha hadithi inampita na kurudi kwa msichana ambaye kwake kazi hii ni ya kupita. Utani wote wa kitabu unasimama juu ya uhakika kwamba Nan atatoka salama. Simulizi ile ile ukimpa Sima aisimulie kwa nafsi ya kwanza, sidhani kama kicheko kingebaki. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya haki za wafanyakazi wa ndani mwaka 2010: malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki, au 44 kwa anayelala kwa mwajiri, na siku moja ya mapumziko kila wiki. Waliopigania sheria hiyo walikuwa wanawake wa hali ya Sima zaidi kuliko wa hali ya Nan.

Waliotangulia kuiona filamu ya mwaka 2007, aliyoigiza Scarlett Johansson, huja kwenye kitabu wakisubiri Bi. X atubu, kwa sababu kwenye filamu hatimaye anabadilika. Kitabu hakimpi mtu faraja hiyo. Kinatupa dubu wa kuchezea mwenye kamera iliyofichwa, iliyokusudiwa kumpeleleza yaya. Baada ya kufukuzwa, Nan anajirekodi kwa kamera hiyo hiyo. Kwanza anamimina hasira yake yote. Kisha anarudisha mkanda mwanzo na kurekodi upya juu ya yale maneno, safari hii akiwaeleza wazazi mtoto wao ni nani na anavyowapenda.

Je, waliusikiliza? Mwaka 2009 waandishi walitoa mwendelezo uitwao Nanny Returns, ambamo miaka kumi na miwili imeshapita. Anayekuja kugonga mlango wa Nan usiku, akiwa na miaka 16, amelewa, akiwa ameuona mkanda ule, ni Grayer.