Unachoma homoni huku unatafuta mtoto? Maswali na majibu

Testosteroni ni nini?
Ni homoni ya kiume. Kwa mwanamume hutengenezwa hasa kwenye korodani. Mwanamke naye anayo kidogo. Huotesha ndevu, hufanya sauti kuwa nzito, hujenga misuli na mifupa, huamsha hamu ya tendo la ndoa.

Na steroidi anaboliki?
Ni dawa za maabara zilizotokana na testosteroni, zikageuzwa kidogo ili zijenge misuli zaidi: nandroloni, stanozololi na ndugu zao. Stanozololi ndiyo iliyomvua Ben Johnson, mkimbiaji wa Kanada, dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Seoul, 1988. Msizichanganye na prednisoloni wanayopewa wagonjwa wa pumu. Hiyo haijengi misuli.

Nikichoma testosteroni, mbegu zitaongezeka?
Hapana. Zitapungua, na zinaweza kwisha kabisa.

Nalirudia kila wiki. Anaingia mwanamume kifua kipana, mwaka wa pili anatafuta mtoto. Mkewe ameshapimwa kila kipimo, yeye hajapimwa hata kimoja. Tukimpima, mbegu sifuri. Namuuliza kama anachoma chochote, anakana. Namuuliza tena mke akiwa nje, ndipo anasema, "Ni homoni tu, daktari, ya kiume." Hiyo hiyo!

Ubongo hukagua homoni iliyomo kwenye damu. Ukiona imejaa, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huacha kutoa LH na FSH, homoni zinazoziamrisha korodani kufanya kazi. Korodani zinalala, kisha zinasinyaa. Mbegu zinahitaji testosteroni inayotengenezwa humo humo ndani ya korodani, ambako huwa nyingi kupita ya kwenye damu. Sindano haiwezi kuziba pengo hilo.

Lakini nguvu za kitandani zimeongezeka. Si dalili kwamba mbegu zipo?
Hapana, tena hapana. Hamu ni kitu kimoja, mbegu ni kingine. Hata manii hutoka kama kawaida bila mbegu hata moja ndani yake; kwa macho hujui.

Mbona madaktari nao huandika testosteroni?
Kwa mwenye dalili, ambaye upungufu wake umethibitishwa kwa kupima damu asubuhi zaidi ya mara moja. Anapewa ya kufidia, basi. Wanaojenga misuli hujichoma dozi inayoweza kufika mara 10 hadi 100 ya hiyo. Na hata mgonjwa halali, kama anataka mtoto, aseme kabla ya kuanza; kuna dawa nyingine kwa ajili yake.

Nikiacha, zitarudi?
Kwa wengi zinarudi, ila baada ya miezi, wengine mwaka na zaidi. Wachache hazirudi. Kadiri ulivyochoma kwa muda mrefu ndivyo unavyosubiri. Katikati hapo utachoka, utahuzunika, hamu itakata, na rafiki wa mazoezi atakushauri uchome tena. Usichome. Njoo, tuna namna ya kukuvusha.

Madhara mengine?
Matiti kukua kwa mwanamume. Shinikizo la damu, lehemu (kolesteroli) mbaya kupanda, damu kuwa nzito na kuganda, moyo kutanuka. Vidonge vyake huumiza ini. Mwanamke sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi. Kijana ambaye bado anakua anaweza kukomea urefu alionao. Mkichangia sindano, ongeza VVU na homa ya ini.

Nije lini?
Maumivu ya kifua, pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba, macho kuwa ya njano, au mawazo ya kujiua: leo hii, usingoje kesho. Mnaotafuta mtoto, njooni wawili na mpimwe wawili. Na chupa unayochoma uje nayo mfukoni. Sikuitii polisi, nataka kusoma lebo.