Ukungu ndani ya kanopi ya ndege ya modeli: mambo tunayodanganyana huku Mtwara

Wakuu mnaochezea ndege za modeli Mtwara na Lindi, hili la kanopi kupata ukungu kwa ndani limeongelewa sana lakini bado ushauri unaozunguka ndo huohuo unaoongeza tatizo. Kanopi nayosema ni kile kioo cha plastiki cha juu ya rubani, iwe imekuja kwenye boksi lake au umeivuta mwenyewe kwa moto kutoka chupa ya maji ya lita moja na nusu juu ya kibao ulichochonga.

"Ziba kila mahali, unyevu hautaingia"

Hii ndo kubwa lao. Asa jiulize, ile hewa uliyoifungia ndani wakati unaziba ilitoka wapi? Si hiihii ya Shangani, hapahapa Mtwara? Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, kitu ambacho pwani hii miezi ya mvua hakimshangazi mtu, inabeba kama gramu 24 za maji kwenye kila mita moja ya ujazo, na ikigusa kitu kilichopoa chini ya nyuzi 26 hivi maji yanaanza kujitokeza. Nyuzi 26 tu! Kwa hiyo umefunga modeli barazani, umeiingiza chumbani kwenye kiyoyozi cha 22, kioo kinapoa, ukungu huo ndani. Ukifanya kinyume, yaani umetoka nayo kwenye kiyoyozi ukaenda nje, ukungu unakaa upande wa nje na kitambaa kinaumaliza, kwa hiyo kabla hujabandua chochote futa kwanza nje uone.

Halafu hata huko kuziba kwenyewe hakuzibi. Jua likipasha hewa ya ndani kutoka nyuzi 25 mpaka 50 inatanuka kama asilimia 8, inatafuta upenyo kwenye maungio inatoka, jioni ikipoa inavuta hewa ya nje yenye mvuke wake, kesho tena hivyohivyo, na plastiki nayo inapitisha mvuke kidogokidogo hata kama huoni tundu. Mkulima wa Newala habishani na hili, korosho anaweka kwenye gunia la juti linalopumua, haweki kwenye mfuko wa nailoni. Kwa modeli ya kabatini toboa vitundu viwili vya milimita 2 au 3 chini ya tumbo au ndani ya shimo la matairi ambako hakuna atakayeviona, hakikisha vinafika mpaka chini ya kanopi, basi. Kwa ya rimoti yenye betri inayopata moto weka tundu la kuingiza hewa mbele na la kutoa nyuma, la nyuma liwe kubwa zaidi, hapo hata betri itakushukuru.

"Weupe wowote kwenye kioo ni maji"

Hapana. Ukiona weupe kama unga, haufutiki wala haukauki hata ukianika, na uko karibu na maungio, hiyo ni supaglu. Ile gundi inatoa mvuke wake yenyewe, mvuke unatua kwenye kioo na unagandia hapohapo kwa kukutana na unyevu, na ndo maana mikoa ya pwani inatutesa kuliko mtu wa Dodoma. Kadiri unavyoipaka nyingi na kufunga haraka ndo kioo kinavyoharibika. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao inayokauka ikiwa angavu, na kama ndani umetumia supaglu acha wazi usiku mzima, feni ikipuliza, ndo ufunike. Wengine wanachovya kioo kwanza kwenye vanishi ya akriliki inayong'aa, inasaidia kweli. Ila gundi nyeupe na rangi za maji nazo zina maji ndani yake, ukizifungia hazijakauka unakuwa umejiwekea mwenyewe maji unayoyakimbia, na huku kukauka kunachukua muda kuliko ilivyoandikwa kwenye kopo.

"Weka vile vipakti vya kwenye boksi la viatu"

Zile punje za ndani yake, silika (silica gel), zinafanya kazi, tatizo hesabu. Inanyonya maji kama theluthi ya uzito wake, kwa hiyo kipakti cha gramu 5 hakifiki hata gramu 2 za maji, linganisha na zile 24 za mita moja ya ujazo. Kwenye boksi linalofunga vizuri sawa, kwenye kabati lenye nyufa kinajaa mapema sana kisha kinabaki pambo. Tena cha kwenye viatu kimeshakaa dukani wazi, unaweza kuta kilijaa zamani. Ukitaka kukirudisha, toa punje weka kwenye trei, oveni nyuzi 110 mpaka 120, masaa mawili hivi.

Na mchele? Mchele kula. Unanyonya kidogo mno na unaleta vumbi na wadudu.

"Wakati wa kusi hakuna unyevu"

Mvua hakuna, umande upo. Usiku wa Juni na Julai mawingu yakipungua, kioo kilichoachwa nje kinapoteza joto kwenda angani mpaka kinakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, asubuhi unakuta kimelowa. Na kama mwili wa ndege ni balsa, ile mbao nyepesi sana, ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 80 inajaa maji mpaka kama asilimia 15 ya uzito wake, jua likiipiga inayatema chini ya kanopi. Mtu anatafuta tundu la maji kumbe maji yalikuwa kwenye mbao, vanishi pande zote kabla hujafunga inapunguza sana hilo.

Chumvi watu hawaitaji kabisa, sijui kwa nini, na tunaishi ufukweni. Chumvi ya kawaida inaanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika asilimia 75, ya bahari ina vingine vinavyovuta mapema zaidi, kwa hiyo alama ya kidole chenye jasho iliyobaki ndani ya kioo itakuwa inalowa kila usiku mahali palepale. Osha kioo kwa maji ya mvua au ya chupa, yale ya visima vya karibu na bahari yaache, kisha shika kwa pembeni.

"Paka sabuni, ukungu unaisha"

Sabuni ya vyombo ikipakwa nyembamba inafanya maji yatandae badala ya kuwa matone, unaona vizuri, ila maji bado yapo na fangasi atayapata. Kwa ya rimoti unayorusha asubuhi sawa, kwa ya kabatini haina maana. Petroli na thina ndo usithubutu kabisa, plastiki inapasuka vimistari vidogovidogo ambavyo havirudi.