Je, wajua kwa nini gugumaji halikosi chakula Kisumu?

Fika ufuoni Dunga, kando ya Ziwa Victoria nje kidogo ya mji wa Kisumu, gugumaji linapokuwa limeshika. Zulia la kijani limefunika maji hadi mashua zinatafuta pa kupita. Likipata chakula cha kutosha, huongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Chakula hicho kinatoka wapi, na hakuna anayelilima?

Siku moja niling'oa mche mmoja. Bua limevimba, jepesi kama sifongo, limejaa hewa; ndiyo maana linaelea. Chini yake mizizi myeusi inaning'inia kama manyoya ya kuku aliyelowa. Niliitikisa ndani ya ndoo, maji yakageuka mekundu. Udongo wa hapa chini, uwanda wa Kano, ni mweusi unaonata. Ule mwekundu ni wa juu milimani.

Mvua ya masika inapoanza, mkulima wa milima ya Nandi au Tinderet hutia mbolea ya DAP shimoni pamoja na mbegu ya mahindi. Fosforasi iliyomo, ambayo ni chakula cha mimea, hung'ang'ania chembe za udongo. Mvua ikipiga shamba tupu la mteremko, udongo unaondoka nayo, Mto Nyando unaubeba hadi Ghuba ya Winam. Ghuba hii ina kina kifupi, na huungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba karibu na Rusinga, kwa hivyo kinachoingia hukaa.

Maji yenyewe hayakai. Ziwa Victoria hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mengi huondoka kama mvuke, si kwa Mto Nile. Mchana upepo wa ziwa huusukuma unyevu huo kuelekea milimani, na jioni radi zinanguruma Nandi na Kericho. Naitrojeni nayo ina njia: bakteria huigeuza gesi ikarudi hewani. Fosforasi haigeuki mvuke wala gesi hivyo. Isipobebwa, haipandi mlima.

Wabebaji wapo, ingawa wadogo. Viluwiluwi vya inzi wa ziwa huishi kwenye tope la chini wakila uozo, kisha huibuka kwa pamoja, kundi zima likionekana kwa mbali kama moshi, na mbayuwayu huwasubiri. Omena, dagaa wa ziwa hili, pia. Akina mama huianika ufuoni juu ya nyavu. Nyingine huliwa na watu, nyingine husagwa ikawa chakula cha kuku, na samadi ya kuku hao inarudi kwenye mahindi.

Kwa hiyo kuliua gugumaji na kuliacha majini, kwa maoni yangu, ni kazi nusu. Likifa huzama, linaoza, linamaliza oksijeni ya samaki, na fosforasi yote inabaki papo hapo kulisha kizazi kijacho. Afadhali litolewe lioze nchi kavu liwe mboji, japo ni kazi nzito kwelikweli, maana zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Na kule juu, mstari wa nyasi za nepia ukingoni mwa shamba huzuia udongo kabla haujafika mtoni.

Maji mekundu ya ile ndoo niliyamwaga kwenye shina la mpapai nyuma ya nyumba.