Malipo ya korona kwa wakulima wa Marekani si siri

Tangu zamani wengi huamini kwamba fedha ambazo serikali ya Marekani humlipa mkulima ni siri yao wawili. Dhana hiyo ilizuka tena mwaka 2020, Wizara ya Kilimo ilipotenga dola bilioni 16 kuwafidia wakulima walioathiriwa na korona.

Kinachotajwa ni kifungu cha 1619 cha sheria ya kilimo ya 2008, na watu hukisoma nusu. Kinalinda taarifa anazowasilisha mkulima kuhusu shamba lake, pamoja na ramani. Malipo ni jambo jingine: kifungu hichohicho hakikatazi kuyatangaza, wala jina na anwani ya mpokeaji. Ndiyo maana wizara hutoa majedwali ambayo kila mstari una jina, anwani, programu, tarehe na kiasi.

Ugumu wa kweli uko kwenye jina. Kikomo cha malipo ya korona kilikuwa dola 250,000 kwa mtu, ila kampuni iliweza kufikia 750,000 ikiwa na wabia watatu, kila mmoja akiwa na angalau saa 400 za kazi au usimamizi. Mstari huonyesha kampuni, wabia hawaonekani. Basi ukitaka kujua nani alipokea kiasi gani, usijumlishe kwa jina pekee. Linganisha na anwani, kwani familia moja yaweza kuwa na kampuni kadhaa.