Utafiti wa Bioteknolojia ya Mazingira: Muda wa Bakteria na Muda wa Mtafiti

Wanafunzi wanaotamani kuwa watafiti wa bioteknolojia ya mazingira mara nyingi hutuuliza iwapo fani hii ni ya wanabiolojia au ya wahandisi kemikali. Swali hilo lina msingi, kwa kuwa kusafisha majitaka, kuzalisha methani kutokana na taka au kuondoa sumu katika udongo ni kazi inayofanyika ndani ya mitambo iliyosanifiwa na mhandisi, lakini watendaji wake ni viumbe hai wasiopokea amri ya mtu. Ushauri wangu kwa anayetoka upande wowote ni kwamba aimudu kwanza mizania ya maada, yaani kuhesabu kila kilichoingia katika tangi, kilichotoka, kilichobaki na kilichogeuka kuwa kitu kingine. Mbinu za kusoma DNA hubadilika kila baada ya miaka michache, na mtu anaweza kufundishwa akiwa maabarani. Mazoea ya kuhesabu yasipojengeka mapema huwa magumu sana kuyapata baadaye.

Historia ya bakteria wanaoitwa anamoksi, wanaoishi kwa kumenyusha amonia na nitriti pasipo oksijeni, inaonyesha thamani ya mazoea hayo. Mwaka 1977 Engelbert Broda, mwanakemia wa Vienna, alipiga hesabu za nishati na kuonyesha kwamba mmenyuko huo wa amonia na nitriti, misombo miwili yenye naitrojeni, hutoa nishati ya kutosha kulisha kiumbe, kwa hiyo huenda bakteria wa namna hiyo wapo ingawa hakuna aliyewahi kuwaona. Miaka kadhaa baadaye, katika mtambo wa majaribio wa kusafisha majitaka mjini Delft, Uholanzi, ilibainika kwamba amonia ilikuwa ikipungua mahali ambapo, kwa maarifa ya wakati ule, haikupaswa kupungua. Mtu mwingine angeweza kulaumu vipimo na kuendelea na kazi yake. Mtafiti Arnold Mulder na wenzake waliifuatilia naitrojeni iliyokosekana katika hesabu, wakachapisha matokeo yao mwaka 1995, na kufikia mwaka 1999 bakteria wenyewe walikuwa wametambuliwa.

Bakteria hao wana somo jingine kwa anayepanga maisha yake ya kitaaluma. Ilhali bakteria aina ya E. coli katika mazingira mazuri huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, anamoksi kwa kawaida huhitaji siku 10 hadi 14 ili kuongezeka maradufu. Mtambo wa kwanza mkubwa wa kuwatumia, uliowashwa mjini Rotterdam mwaka 2002, ulihitaji takriban miaka 3 na nusu kufikia uwezo wake, muda unaokaribia urefu wa masomo ya uzamivu katika vyuo vikuu vingi.

Hata pale ambapo bakteria si wazito kiasi hicho, hesabu haikwepeki. Kwa desturi ya fani yetu, mtafiti akibadilisha hali ya uendeshaji wa tangi husubiri angalau mara tatu ya umri wa tope, yaani muda ambao bakteria hukaa ndani kwa wastani, kabla ya kuyaamini matokeo. Umri wa tope ukiwa siku 20, kila badiliko linadai siku 60, na mpango wa utafiti wenye hali tano tofauti unakula siku 300 bila kuhesabu siku za kuanzisha tangi wala siku ambayo umeme utakatika usiku na pampu ya hewa ikasimama. Ndiyo maana ninawasihi wanafunzi wa uzamivu waanzishe matangi yao katika miezi ya mwanzo, wakati bado wanasoma maandiko, badala ya kungoja pendekezo la utafiti likamilike kwa kila nukta.

Baada ya uzamivu, wengi hupitia mkataba mmoja au miwili ya muda mfupi ya utafiti kabla ya kupata nafasi ya uhadhiri, kisha hupanda hadi uprofesa kwa majina ya vyeo yanayotofautiana kutoka nchi hadi nchi. Wanapimwa kwa machapisho, ufadhili waliouleta na wanafunzi waliowalea. Hapa pana dhuluma ambayo naamini kamati za ajira zinapaswa kuirekebisha: aliyeendesha tangi moja kwa miaka miwili ili apate makala moja yenye uhakika huonekana mvivu mbele ya mwenye makala sita za majaribio ya wiki moja moja, ingawa mhandisi anayejenga mtambo halisi atahitaji zaidi matokeo ya yule wa kwanza.

Kwa hiyo anayechagua maabara asiangalie tu orodha ya machapisho ya msimamizi. Aulize matangi yaliyopo yameendeshwa mfululizo kwa muda gani, nani huyaangalia siku za mapumziko, na bakteria huenda wapi mwanafunzi anapohitimu. Kisha aombe kuona daftari la uendeshaji la mwanafunzi aliyetangulia, aifungue siku ambayo hesabu ya naitrojeni haikukamilika, na asome mwandishi alifanya nini asubuhi iliyofuata.