Akina García si ndugu: dhana potofu kuhusu jina linaloongoza Hispania

Mapokezi ya hoteli moja Unguja, saa mbili usiku. Baba, mama na mtoto wa miaka kama saba wamesimama na mabegi yao, pasipoti tatu za Hispania ziko juu ya meza, na kijana wa mapokezi anazigeuzageuza kama karata. Ya baba imeandikwa Rodríguez Pérez. Ya mama, García Molina. Ya mtoto, Rodríguez García.

"Kaka," akaninong'oneza, maana mimi ndiye niliyewatoa bandarini, "hawa ni mke na mume kweli? Mbona majina hayaungani?" Kisha akawaomba cheti cha ndoa. Mama alicheka. Alipoona kijana hacheki, akanyamaza.

Cheti chenyewe kilikuwa pale pale mezani, kwenye pasipoti ya mtoto, ila ilitaka ujue kuisoma. Nimetembeza Wahispania miaka kadhaa, na García ni jina nililolisikia mpaka nikaacha kushangaa. Nimesikia pia mambo yanayosemwa juu yake, na mengi hayana mguu wa kusimamia.

Dhana: García ni ukoo mmoja mkubwa

Hesabu ndiyo inayowadanganya watu hapa. Kwa takwimu za taifa za Hispania, watu wapatao milioni 1.45 wana García kama jina la kwanza la ukoo, na karibu idadi hiyo hiyo wanalo kama la pili. Zaidi ya 70,000 wanalo mara mbili, García García, baba García na mama García. Chukua Wahispania 100 popote pale, watatu hivi watakuwa akina García kwa upande wa baba peke yake. Mtu akisikia hivyo anaanza kumtafuta babu mmoja aliyewazaa wote.

Babu huyo hayupo, kwa sababu García lilianza kama jina la mtu, kama Juma au Hamisi. Liliitwa sana kaskazini, kwenye milima ya Navarra na kandokando yake, na wafalme wa Pamplona, mji wa huko huko, walilipenda. Tazama walivyofuatana: Sancho Garcés alitawala kuanzia mwaka 905 hadi 925. Baadaye akatawala mwanawe, García Sánchez, hadi 970. Akafuata mwana wa huyo, Sancho Garcés wa pili, hadi 994. Baada yake? García Sánchez wa pili. Garcés ni "mwana wa García", Sánchez ni "mwana wa Sancho". Mjukuu anapewa jina la babu, na jina la baba linafuata nyuma.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo zaidi. Juma Hamisi akizaa, mwanawe ni Hamisi Juma, na mjukuu anarudi kuwa Juma Hamisi. Hakuna anayedhani kila Hamisi wa Tanga ni ndugu wa kila Hamisi wa Mombasa. Sasa jaribu kupiga picha kwamba serikali inakuja siku moja na kusema: kuanzia leo, jina la pili ulilonalo ndilo la ukoo, watoto na wajukuu watalirithi hivyo hivyo. Wote ambao baba zao waliitwa Hamisi siku hiyo wangekuwa "ukoo wa Hamisi", bila tone la damu kati yao. Hispania ilitokea hivyo, ila polepole, katika karne za mwisho za zama za kati. Kila kijiji kilikuwa na García wake, na kila mmoja aliacha watoto wake.

Kama jina la mtu, García liliendelea kuishi kwa muda. Gavana wa Chile wa miaka ya 1557 hadi 1561 aliitwa García Hurtado de Mendoza, na hapo García ndilo jina alilopewa na wazazi. Leo mtoto wa Kihispania kuitwa hivyo ni nadra sana.

Dhana: maana yake ni "neema"

Hii inatokana na kufanana kwa sauti. Gracia ni neema, García ni García. Herufi zilezile, mpangilio mwingine. Kadhalika wapo wanaouza ngao za ukoo zenye picha ya ndege wa majini mwenye shingo ndefu, kwa kuwa ndege huyo kwa Kihispania ni garza. Ngao za namna hiyo ni za kweli kwa maana kwamba familia fulani zilizitumia. Lakini wachora ngao wa zamani walipenda kucheza na sauti za majina, na mchezo wao hauelezi jina lilikotoka.

Wataalamu wa lugha wengi wanalitafuta kwenye Kibaski, lugha ya milima hiyo ya kaskazini isiyo na undugu na Kihispania wala na lugha nyingine inayojulikana ya Ulaya. Kuna wanaolifunga na hartz, yaani dubu. Kuna wanaolifunga na gazte, yaani kijana. Ubishi haujaisha. Mimi nimeegemea upande wa dubu, na nakiri sababu yangu si ya kisomi: mtoto wa mlimani kupewa jina la mnyama mkali ni jambo ninalolielewa, maana kwetu wapo akina Simba na Chui.

Kuna dokezo lingine lililo wazi kabisa. Orodhesha majina tisa yanayoongoza Hispania: García, Rodríguez, González, Fernández, López, Martínez, Sánchez, Pérez, Gómez. Manane yanaishia na -ez, yaani "mwana wa fulani". García peke yake limekaa bila mkia.

Dhana: majina ya -ez, na García pia, ni ya Kiyahudi

Hapana. Ni kweli kwamba Wayahudi wengi wa Hispania walibatizwa kwa kulazimishwa kuanzia ghasia za mwaka 1391 hadi amri ya kufukuzwa ya 1492, na baadaye Waislamu nao. Waliobatizwa walichukua majina ya kawaida, ili wasionekane. Kwa hiyo wapo akina García wenye mababu Wayahudi, na wapo akina García wenye mababu Waislamu. Jina lililochaguliwa ili kujificha ndani ya umati haliwezi kukuonyesha nani alijificha.

Dhana: ni jina la Wamexico

Dhana hii ni ya Marekani na imetufikia kwa filamu. Mexico kwenyewe jina linaloongoza ni Hernández; García linafuata nyuma yake, lakini si la kwanza. Nyumbani kwake García ni Hispania, na huko halina mshindani.

Ila Marekani ina habari yake. Katika sensa ya 1990, Garcia lilikuwa la 18. Mwaka 2000 likapanda hadi la 8, na hiyo ndiyo mara ya kwanza majina ya Kihispania kuingia kumi bora, Garcia na Rodriguez wakishikana mkono. Mwaka 2010 lilikuwa la 6, watu 1,166,120, likiwa limempita Miller na Davis. Zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walijitambulisha kuwa wa asili ya Amerika ya Kilatini au Hispania. Alama ya juu ya í hupotea wakivuka mpaka, kwa sababu fomu nyingi haziijui.

Na kabla mtu hajasema ndilo jina lenye watu wengi kuliko yote duniani: China ina majina ya Wang na Li, kila moja likiwa na watu wapatao milioni 100.

Dhana: Mfilipino anayeitwa Garcia ana babu Mhispania

Hapa karatasi ndiyo iliyofanya kazi. Wahispania walitawala Ufilipino zaidi ya miaka 300, lakini walioishi huko walikuwa wachache mno kuweza kuzaa visiwa vizima. Wenyeji wengi hawakuwa na jina la ukoo la kurithi. Waliobatizwa walijichagulia majina ya kidini, de la Cruz na de los Santos, na ndugu wa tumbo moja wangeweza kuwa na majina tofauti. Mkusanya kodi alichanganyikiwa, na padri na daftari lake la ubatizo hali kadhalika.

Tarehe 21 Novemba 1849, gavana Narciso Clavería akatoa amri. Kulitengenezwa kitabu chenye majina yapatayo 61,000 kwa mpangilio wa alfabeti: majina ya koo za Hispania, ya mimea, ya vitu, hata maneno ya lugha za wenyeji. Kurasa zikagawiwa mikoa, mikoa ikazigawia miji, na wakuu wa familia wakaitwa kuchagua. Mji ukipewa ukurasa wa herufi fulani, basi karibu wote wanaondoka na herufi hiyo. Mji wa Oas, mkoani Albay, ulijaa majina ya R. Familia iliyothibitisha kuwa na jina lake kwa vizazi vinne iliruhusiwa kubaki nalo.

Kwa hiyo jina la Kihispania Ufilipino mara nyingi linakuambia babu alipanga foleni mji gani. Na kuna kichekesho kidogo cha fomu: rais wa nchi hiyo wa 1957 hadi 1961 aliitwa Carlos P. Garcia. Ile P ni Polistico, jina la ukoo la mama yake. Wahispania wangeliweka mwisho; Wafilipino, baada ya kutawaliwa na Wamarekani, wamelihamishia katikati.

Dhana: Afrika halikuhusika

Lilihusika, na kwenye kiti cha enzi. Ufalme wa Kongo, ambao makao yake M'banza Kongo sasa yako Angola, ulianza kupokea ubatizo wa Wareno mwaka 1491, na wafalme wake wakawa na majina mawili, la nyumbani na la kanisani. Mvemba a Nkanga, aliyetawala 1624 hadi 1626, ni Garcia wa kwanza. Nkanga a Lukeni, aliyeshika ufalme mwaka 1641, ni Garcia wa pili, naye hakuwa mtu wa kuchezewa: Waholanzi walipoiteka Luanda mwaka ule ule, alishirikiana nao dhidi ya Wareno waliomletea jina. Kwa wafalme hao Garcia lilikuwa jina la mtu, kama lilivyokuwa Pamplona miaka 700 kabla.

Upande wetu wa bahari kuna Diego Garcia, kisiwa kikubwa cha Chagos. Jina ni la mabaharia wa karne ya 16. Watu waliokuja kukaa huko, wengi wao wazao wa watumwa kutoka Msumbiji na Madagaska, hawakuwa na undugu wowote na García yeyote. Waliondolewa kwa nguvu kati ya 1968 na 1973 ili kupisha kambi ya jeshi la Marekani, na jina la baharia limebaki.

Dhana: ile "th" ya Wahispania wanapotamka García ni kitembe cha mfalme

Hadithi inasema mfalme alikuwa na kitembe, wakuu wakamuiga, nchi nzima ikafuata. Ni uzushi. Sehemu kubwa ya Hispania hutamka García kwa th ya "thamani", lakini s wanayo na wanaitumia: casa ni nyumba, caza ni uwindaji, na ukizichanganya Madrid watakushangaa. Sauti hiyo ilijitenga yenyewe katika karne ya 16 na 17. Amerika ya Kilatini wote wakabaki na s. Watangazaji wetu wa mpira nao wana yao. Nimewahi kumsikia mmoja akitamka mpaka nikadhani kuna ghasia uwanjani.

Dhana: la mwisho ndilo la ukoo, na mke huchukua la mume

Turudi mapokezi. Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba na la kwanza la mama, na sheria ya usajili wa raia ya 1870 ilifanya jambo hilo kuwa la wote. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu. Tangu 1999 wazazi wanaruhusiwa kutanguliza la mama, na tangu 2017 la baba halipewi tena kipaumbele: lazima waamue wenyewe. Wareno hupanga kinyume, la mama kwanza, la baba mwisho, basi usiwachanganye.

Ndiyo maana mwandishi wa Kolombia aliyepewa Nobel mwaka 1982 ni García Márquez, na maktabani utamkuta kwenye G. Anayemwita "Márquez" anamwita kwa jina la mama yake. Wapo waliotaka wenyewe: waziri mkuu wa zamani wa Hispania, Rodríguez Zapatero, aliitwa Zapatero, kwa kuwa akina Rodríguez ni wengi mno. Mchoraji Picasso, hilo ni jina la mama, baba alikuwa Ruiz. Hata Gavi, mchezaji wa mpira aliyevuma Barcelona, ni Páez kwa baba. Gavi limekatwa kutoka Gavira, upande wa mama.

Nilimweleza kijana haya yote, kwa ufupi, nikimwonyesha kwa kidole: Rodríguez huyu hapa, García huyu hapa, na mtoto amewabeba wote wawili. Akaelewa, akaomba radhi, akawapa ufunguo. Lakini fomu ya kompyuta ilikuwa na nafasi moja tu ya jina la ukoo, na yeye akajaza la mwisho, kama alivyozoea.

Asubuhi nilipofuata wageni wangu, mhudumu alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa chai akiita, "Bi Molina! Gari ya Bi Molina imefika!" Mama aliendelea kumpakia mtoto siagi kwenye mkate. Molina alikuwa mama yake, yuko kwao Hispania.